Hasara ni ya Nani? Njia Nyingine ya Kuupima Ubepari na Ujamaa

Chukua kiwanda cha viatu kilichotengeneza jozi 10,000 ambazo hakuna anayezitaka. Pengine soli ni ngumu, pengine saizi zote ni ndogo, pengine mtindo umepitwa na wakati. Ngozi imeshakatwa, gundi imeshakauka, mishahara imeshalipwa. Hasara ipo tayari, na hakuna mfumo wa uchumi unaoweza kuirudisha ngozi ile mgongoni mwa ng'ombe. Yanabaki maswali mawili: nani atajua kwamba kosa limetendeka, na nani atalilipia?

Mjadala wa ubepari na ujamaa huanzia kwenye faida: nani anaipata, anaipata kwa haki au kwa unyonyaji, igawanywe vipi. Ni mjadala halali, ila umerudiwa mno, hata kila upande unalijua jibu la mwenzake kabla hajafungua mdomo. Ukianzia kwenye hasara, mambo yaliyofunikwa na maneno makubwa hujitokeza. Ujamaa wa mpango ulikwama hasa kwa sababu hasara haikuwa na mwenyewe. Ubepari huumiza zaidi pale hasara inapokuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe huyo ana nguvu za kumtwika mwingine.

Maneno kwanza. Ubepari ninaouzungumzia ni mfumo ambao sehemu kubwa ya njia za uzalishaji mali iko mikononi mwa watu binafsi na bei nyingi huamuliwa sokoni. Ujamaa ni mfumo ambao njia hizo ni mali ya umma, ama kupitia dola, ama kupitia wafanyakazi wenyewe. Neno hili lina mzigo wake katika Kiswahili: tangu Azimio la Arusha la 1967 limebeba pia maana ya undugu na ya sera mahususi ya nchi moja, ndiyo maana wengine huona heri waseme usoshalisti. Hapa nalitumia kwa maana pana. Tena, umiliki ni kitu kimoja na mpango ni kingine. Yugoslavia kuanzia 1950 ilijenga viwanda vilivyosimamiwa na mabaraza ya wafanyakazi, vikauziana bidhaa sokoni. Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ilipanga bei na kugawa chakula kwa kadi huku viwanda vingi vikibaki vya watu binafsi. Mabishano mengi huwa marefu kwa sababu mmoja anasema umiliki na mwenzake anasikia mpango.

Mpango ulivyoandaliwa

Wengi wanaoukosoa uchumi wa mpango hawajawahi kujiuliza ulitengenezwaje, ilhali humo ndimo ugonjwa ulimo. Katika Umoja wa Kisovyeti kazi hiyo ilikuwa ya Gosplan, chombo kilichoundwa 1921, na mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928. Uongozi wa chama uliamua vipaumbele: chuma kiasi gani, umeme kiasi gani. Gosplan ikaandaa mizania ya kila bidhaa kuu. Upande mmoja viliandikwa vyanzo, yaani uzalishaji wa ndani, akiba iliyo ghalani na kinachoagizwa nje. Upande wa pili yaliandikwa matumizi: viwanda vingine, ujenzi, walaji, mauzo ya nje. Tarakimu zikashuka wizarani, kisha idarani, hadi kiwandani. Kiwanda kikajibu kwa kutaja malighafi kinazohitaji, majibu yakapanda ngazi zile zile, yakapatanishwa, na mpango ukatoka ukiwa na nguvu ya sheria.

Ugumu wa kwanza ni wa hesabu. Ukiongeza tani za chuma, utahitaji makaa zaidi ya kuyeyushia. Makaa zaidi yanahitaji mashine za mgodini, na mashine hizo zimetengenezwa kwa chuma. Kila marekebisho yanazaa marekebisho mengine, na ofisi yenye miezi michache haiwezi kuyafuata yote hadi mwisho. Wapangaji wakatafuta njia ya mkato: wakakiagiza kiwanda kitoe bidhaa ile ile kwa malighafi pungufu. Karatasini pande mbili zikalingana. Huko kiwandani upungufu ulibaki pale pale, ila sasa ulikuwa tatizo la meneja. Zaidi ya hayo, mizania iliandaliwa kwa maelfu machache ya mafungu ya bidhaa, wakati bidhaa zenyewe ni mamilioni. Mpango unaweza kusema tani za mabomba bila kusema ya kipenyo gani, na fundi aliyeletewa bomba la kipenyo kisicho chake hana bomba.

Ugumu wa pili ndio mzito. Habari zote ambazo mpangaji alizitegemea zilitoka kwa mtu mwenye sababu ya kuzipotosha. Bonasi ya meneja ilifuata kutimizwa kwa lengo. Lengo la mabati likiwekwa kwa tani, bati linakuwa nene na zito. Likiwekwa kwa meta za mraba, linakuwa jembamba kama karatasi. Jarida la vichekesho la Kisovyeti, Krokodil, liliwahi kuchora kiwanda kilichotimiza mpango wake wote wa misumari kwa kutengeneza msumari mmoja mkubwa ulioning'inizwa kwenye kreni. Ilikuwa katuni, lakini kila meneja aliyeiona alijua inamsema nani.

Tena, mpango wa mwaka ujao ulipangwa kwa kuanzia pale ulipofika mwaka huu. Ukizalisha asilimia 110, mwakani 110 ndiyo inakuwa 100 yako mpya. Meneja mwenye akili, basi, anaficha uwezo wake, anavuka lengo kidogo tu, anataja mahitaji makubwa kuliko ya kweli, na analimbikiza vipuri na malighafi kwa siku mbaya. Kwa kuwa wote wanalimbikiza, vyote vinakuwa adimu, na uadimu unampa kila mmoja sababu ya kulimbikiza zaidi. Mwanzo wa mwezi mashine zinangoja malighafi, wiki ya mwisho watu wanakesha, na bidhaa za wiki hiyo ndizo mbovu kuliko zote. Viwanda viliajiri hata watu wa kuzunguka nchi nzima kutafuta shehena zilizokwama na kubadilishana vipuri kinyume cha taratibu. Warusi waliwaita tolkach, yaani msukumaji. Bila wao mpango usingeenda kabisa.

Hakuna hata moja kati ya tabia hizo inayohitaji mtu mbaya. Wanaosema ujamaa ungefaulu kama viongozi wangekuwa waadilifu wanapaswa kutueleza meneja mwadilifu angefanya nini asubuhi anapoletewa lengo lisilowezekana na malighafi nusu.

Sasa rudi kwenye viatu vyetu. Chini ya mpango wa tani na jozi, kiwanda kimefaulu: jozi 10,000 zimeandikwa, bonasi imetoka. Mageuzi ya 1965 yalijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuhesabu kilichouzwa badala ya kilichotengenezwa. Lakini mnunuzi wa kiwanda alikuwa shirika la biashara la dola, nalo halikuwa na mahali pengine pa kununua. Viatu vikahama kutoka ghala moja kwenda jingine, na hasara ikahama navyo bila kuonekana na mtu.

Kosa linapolelewa

Mchumi wa Hungaria, János Kornai, ndiye aliyelipa jambo hili jina, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa Kiswahili naona linafaa kuitwa bajeti legelege. Kampuni yenye bajeti ngumu ikitumia zaidi ya inachoingiza, inafungwa. Yenye bajeti legelege inapata ruzuku, au mkopo usiodaiwa, au msamaha wa kodi, au kibali cha kupandisha bei. Kornai aliliona hili katika nchi yake mwenyewe, ambayo mwaka 1968 ilifuta malengo ya amri na kuviambia viwanda vitafute faida. Matokeo yalikuwa ya ajabu: kilichopata faida kilinyang'anywa kwa kodi maalumu, kilichopata hasara kikafidiwa. Meneja akajifunza haraka kwamba saa moja wizarani ina tija kuliko mwezi mzima wa kumsikiliza mnunuzi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wazee. Kwenye uchumi wa mpango madaftari yalijaa kabati hadi kabati. Kilichokosekana ni habari.

Bei ndiyo iliyokuwa iziseme, nayo ilifungwa mdomo. Tarehe 1 Juni 1962 serikali ya Kisovyeti ilipandisha bei za nyama na siagi. Kesho yake wafanyakazi wa mji wa Novocherkassk waliandamana, askari wakafyatua risasi na kuua watu zaidi ya 20. Tangu hapo viongozi waliogopa kuigusa bei ya nyama madukani kwa karibu miaka 30. Gharama za kuzalisha zilipanda, ruzuku ikavimba, na nyama ya bei nafuu ikawa nyama isiyopatikana. Foleni ni kodi inayolipwa kwa saa badala ya pesa, na tofauti na kodi nyingine, haiingii kwenye mfuko wa yeyote: si wa mkulima, si wa hazina, si wa hospitali. Anayenufaika ni mlanguzi mwenye rafiki nyuma ya kaunta.

Kisha inakuja siku ya kufungua ghala. Ujerumani Mashariki ilikuwa na ajira kwa wote hadi ilipounganishwa kisarafu na Magharibi tarehe 1 Julai 1990, mishahara ikibadilishwa marka moja ya Mashariki kwa marka moja ya Magharibi. Treuhandanstalt, shirika lililokabidhiwa viwanda vya dola, lilianza na makampuni takriban 8,500 na wafanyakazi wapatao milioni 4. Wengi walitarajia kwamba mauzo yataleta faida. Lilipofunga kazi mwisho wa 1994, lilikuwa limeacha hasara ya zaidi ya marka bilioni 200. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na kiwango cha kubadilishia sarafu, ambacho kilipandisha gharama za viwanda usiku mmoja. Sehemu nyingine ilikuwa imelala humo miaka 40: mitambo chakavu, udongo uliochafuliwa, na magari ya Trabant ambayo mtu aliyasubiri zaidi ya miaka 10 kwa sababu tu hakuwa na ruhusa ya kununua mengine.

Soko linasikia, ila lina sikio moja

Katika ubepari, viatu vile vingebaki rafuni. Mwenye duka hatoi oda ya pili. Bei inakatwa nusu, benki inauliza marejesho, na ndani ya msimu mmoja mwenye kiwanda ameshajua bila kuambiwa na kamati yoyote. Wachumi wa mrengo huu, Ludwig von Mises akianza 1920 na Friedrich Hayek akiliboresha 1945, walilisisitiza hili: bei hukusanya maarifa yaliyotawanyika kwa mamilioni ya watu ambao hawawezi kuyaandika kwenye fomu hata wakitaka. Naona walikuwa sahihi.

Nguvu hii haitokani na ubepari kuwa na watu wenye busara zaidi. Mabepari hukosea kila siku. Marekani, takriban nusu ya biashara mpya hufungwa kabla ya kutimiza miaka 5. Tofauti ni kwamba hakuna aliyehitaji kibali cha wizara ili ajaribu, na hakuna aliyehitaji kibali ili aache.

Lakini aliyefunga amelipa? Sehemu tu. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya dhima yenye ukomo, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo. Mwanahisa akapoteza kile alichoweka tu. Deni linalozidi hapo halimfuati nyumbani. Ni uvumbuzi mkubwa, na bila huo reli na viwanda vizito vingekosa mtaji. Tuuite kwa jina lake, hata hivyo: ni sheria ya dola inayoihamisha hasara kutoka kwa mwenye kampuni kwenda kwa wanaoidai.

Fuata pesa kampuni inapofilisika. Taratibu zinatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mpangilio wa kawaida ni huu: wenye mikopo iliyowekewa dhamana huchukua dhamana yao, gharama za mfilisi hulipwa, mishahara iliyolala hulipwa hadi kiwango fulani, kisha huja wadai wasio na dhamana, na wanahisa wa mwisho kabisa. Mwenye karakana ndogo aliyeleta gundi na visanduku kwa mkopo yuko kwenye kundi la wasio na dhamana, ambalo mara nyingi huambulia senti chache kwa kila shilingi. Mfanyakazi yuko vibaya kwa namna nyingine. Mwanahisa anaweza kutawanya pesa zake kwenye kampuni 500, moja ikifa asihisi. Mfanyakazi ana kazi moja, ustadi mmoja na nyumba katika mji ambao thamani yake imeshuka siku kiwanda kilipofungwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na vitabu vingi vya uchumi huubeba mzigo huu kwa wepesi wa kushangaza.

Ukitaka kuona bajeti legelege nje ya ujamaa, tazama benki. Kabla ya 2008, taasisi za Marekani zilitoa mikopo ya nyumba, zikaiuza, zikabaki na ada. Aliyetoa mkopo hakuwa tena na sababu ya kujali kama utalipwa. Mikopo ikafungwa mafungu, mafungu yakakatwa vipande, vipande vikapewa alama za juu na wakala waliolipwa na wauzaji wenyewe. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilikuwa na takriban dola 30 za mali kwa kila dola moja ya mtaji wake. Hesabu hiyo si ngumu: mali zikishuka thamani kwa asilimia 3 na kitu, mtaji wote umekwisha. Tarehe 15 Septemba 2008 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kesho yake benki kuu ikaiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85, na tarehe 3 Oktoba serikali ikaidhinishiwa dola bilioni 700.

Watetezi husema pesa nyingi walizopewa mabenki zilirudishwa, nayo ni kweli. Lakini dhamana ni kitu chenye bei. Anayejua ataokolewa hukopa kwa riba nafuu na hucheza kamari kubwa zaidi, miaka mingi kabla ya siku ya kuokolewa. Thamani hiyo haikurudishwa. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10, na waliopoteza kazi hawakuwa na wa kuwapigia simu usiku.

Kasoro nyingine ya soko ni ya usikivu wenyewe. Bei husikia pesa. Mwenye njaa asiye na pesa hana sauti ndani yake. Viazi vya Ireland vilipoharibiwa na ugonjwa kuanzia 1845, watu takriban milioni moja walikufa huku chakula kingine kikiendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa nje. Soko halikuharibika. Lilifanya kazi yake: lilipeleka nafaka kwa wenye uwezo wa kuinunua. Weka kando yake China ya 1958, ambako viongozi wa ngazi za chini, kwa woga na kwa ushindani, walitangaza mavuno ya kubuni. Taifa liliambiwa limevuna tani milioni 375 za nafaka. Hesabu ya baadaye ilionyesha takriban milioni 200. Dola ikachukua sehemu yake kwa kufuata tarakimu ya kwanza, na njaa iliyofuata iliua mamilioni. Kwenye njaa moja waliojua waliogopa kusema. Kwenye nyingine waliosema hawakuwa na pesa. Mwenye kutumia njaa ya upande mmoja kama karata ya mwisho ya mjadala anapaswa kwanza kuijibu ile ya upande wake.

Mazingira nitayapitia haraka kwa kuwa hapa mifumo yote miwili imefeli mtihani ule ule. Bahari ya Aral ilikauka kwa sababu wapangaji waliyageuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekea mashamba ya pamba, na samaki hawakuwa na kiti Gosplan. Moshi wa viwanda vya makampuni binafsi hujaza anga kwa sababu anga halitumi ankara. Hasara ikimwangukia asiye mezani, haiandikwi, awe mwenye meza ni wizara au bodi ya wakurugenzi.

Kumlegezea mtu, kuikazia kampuni

Majina ya mifumo hayatusaidii sana kuchagua hapa. Singapore husifiwa na wapenda soko huria, lakini takriban asilimia 80 ya wakazi wake wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la umma na sehemu kubwa ya ardhi ni ya dola. Sweden huitwa ya kijamaa, lakini viwanda vyake vingi ni vya watu binafsi na haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Swali lenye maana ni bajeti ya nani imelegezwa na ya nani imekazwa.

Mwaka 1951 wachumi wawili wa vyama vya wafanyakazi vya Sweden, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, walipendekeza jambo lililowashtua hata wenzao. Mshahara uwe sawa kwa kazi ile ile, iwe kampuni inapata faida nono au inachechemea. Kampuni dhaifu itashindwa kuulipa, ife. Yenye tija itabaki na ziada, ikue. Mfanyakazi aliyeachwa asibembelezwe na ruzuku ya kuishikilia kazi mfu: alipwe anapongoja, afundishwe ustadi mpya, asaidiwe kuhama. Mabenki ya Sweden yalipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, kanuni kama hiyo ilifuatwa: serikali iliwadhamini wenye amana na wadai, lakini wanahisa wa Gota, kampuni iliyoimiliki Gota Bank na ikafilisika, hawakuokolewa.

Huo ndio mchanganyiko ninaouona mwaminifu kuliko mingine, na si wa bure. Unahitaji kodi kubwa inayokusanywa kweli, ofisi za kazi zinazojua ni wapi kuna nafasi, vyama vya wafanyakazi vyenye ujasiri wa kuacha kiwanda cha wanachama wao kifungwe, na nafasi mpya za kuhamia. Kikikosekana kimoja unavunjika. Mtu wa miaka 55 katika mji wa kiwanda kimoja hafundishiki na kuhama kwa urahisi wa kwenye mchoro, na Sweden yenyewe ilipofika miaka ya 1970 ilimwaga pesa kuokoa viwanda vya meli ambavyo nadharia yake ilisema viachwe.

Ushirika nao una somo. Mtandao wa Mondragón, ulioanza 1956 katika nchi ya Wabaski nchini Hispania, unamilikiwa na wafanyakazi wake. Mwaka 2013 chama chake kikongwe, Fagor, kilichotengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani, kilizama kwenye madeni baada ya kujitanua nje na kisha soko la nyumba la Hispania kuporomoka. Vyama vingine vilikuwa vimekichangia. Kilipoomba tena, vikakataa, na kikafa. Wengi wa wafanyakazi-wanachama wakahamishiwa vyama vingine vya mtandao au wakastaafishwa mapema. Waliokuwa vibarua wasio wanachama, na wale wa matawi ya nje, hawakuwa na kinga hiyo. Mstari kati ya wenye kinga na wasio nayo ulipita katikati ya kiwanda cha kijamaa.

Na China haikuanza mageuzi kwa kubinafsisha ardhi. Desemba 1978 wakulima wa kaya 18 za kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, walikubaliana kwa siri kuigawa ardhi ya pamoja: kila kaya itoe fungu la dola, kinachozidi ni chake, kinachopungua ni juu yake. Utaratibu huo ukaenea, na mavuno ya nafaka ya nchi yakapanda kutoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984, japo bei nzuri za kununulia mazao na mbolea zaidi vilichangia. Ardhi ilibaki ya umma. Kilichobadilika ni nani anaamka usiku mvua isiponyesha.

Urusi ilikwenda njia nyingine. Bei nyingi zilifunguliwa tarehe 2 Januari 1992, na mfumuko wa bei wa mwaka huo ulizidi asilimia 2,000. Akiba za wastaafu zikawa karatasi. Umri wa kuishi wa wanaume ukashuka kutoka takriban miaka 63 mwaka 1991 hadi chini ya 58 mwaka 1994. Mali za umma zikaenda kwa wachache, hasara za miaka 70 zikaenda kwa waliobaki. Kuuita mpito huo ushindi wa soko ni kulitukana soko.

Vipi kompyuta?

Swali hili huja kila kizazi. Oskar Lange, mchumi wa Poland aliyefariki 1965, aliandika kuelekea mwisho wa maisha yake kwamba soko ni mashine ya kukokotoa ya zama kabla ya elektroniki, na kwamba kompyuta itaisuluhisha milinganyo yake kwa sekunde. Leo mashine zina nguvu ambazo hakuziota, na makampuni makubwa ya biashara ya mtandaoni hupanga maghala ya ndani kwa usahihi ambao Gosplan ingeulilia. Ule ugumu wa kwanza, wa hesabu, umepungua sana. Mwanahisabati wa Kisovyeti, Leonid Kantorovich, alikuwa ameshauonyesha njia 1939 kwa kukokotoa namna bora ya kuzigawia kazi mashine za kukata mbao, akaja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi 1975.

Ugumu wa pili haukuguswa. Kompyuta inakokotoa kile ilicholishwa, na anayeilisha bado ni meneja mwenye bonasi. Makampuni yale ya mtandaoni hupanga vizuri kwa sababu nje ya ghala kuna mteja anayeweza kuondoka na mshindani anayemngoja. Yakishapata ukiritimba, wateja na wauzaji wadogo huanza kulalamika kwa lugha ambayo mzee wa foleni ya Moscow angeielewa.

Kipimo hiki kina matumizi ya kila siku, hasa pale serikali inapotangaza kubinafsisha au ubia na sekta binafsi. Reli ya pwani ya mashariki ya Uingereza ilitolewa kwa zabuni mara kadhaa. Kampuni iliahidi malipo makubwa kwa serikali, abiria wakaja pungufu ya makadirio, kampuni ikarudisha funguo. Ilitokea 2009, ikatokea tena 2018, na kila mara dola ikaendesha treni. Hilo halikuwa soko. Lilikuwa tiketi ya bahati nasibu ambayo ikikosa mnunuzi anarudishiwa sehemu ya bei yake.

Mkataba wa namna hiyo ukiwekwa mezani, acha dibaji inayosifu ufanisi. Tafuta kiwango cha mtaji ambacho mwekezaji anapoteza akiondoka mapema, na kama ni cha kampuni mama au cha kampuni tanzu isiyo na kitu. Tafuta mapato ya chini yaliyodhaminiwa, na fedha za nani zinayadhamini. Kwenye mikataba ya umeme, tafuta malipo ya uwezo wa mtambo, yanayodaiwa hata mtambo usipowashwa, na sarafu ambayo yanalipwa. Kwa shirika la umma maswali ni yale yale kwa sura nyingine: hasara ya mwaka inaandikwa wapi, inafidiwa na fungu gani, na ni miaka mingapi mfululizo imefidiwa bila mkurugenzi kuondolewa. Majibu huwa kwenye viambatisho, karibu na jedwali la fidia ya kuvunja mkataba.